Kabla ya Kuformati Kompyuta: Folda Inayogoma na Bando Linaloisha Mapema

Hapa Mtwara, mtu ambaye folda yake imegoma kufutika au kufunguka huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: ipeleke kompyuta kwa fundi akaiformati. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umewapotezea watu wengi picha za familia, matokeo ya wanafunzi na hesabu za misimu kadhaa, kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa dakika chache. Katika kuwasaidia walimu, wenye steshenari na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, nimeona kwamba swali la kwanza la kujiuliza ni nani ameishika folda hiyo. Swali hilohilo linafaa pia kwa bando la nyumbani linaloisha kabla ya wakati wake.

Windows haikubali kufuta wala kubadilisha jina la faili ambayo programu fulani bado imeifungua, na mara nyingi programu hiyo haionekani kwenye kioo. Inaweza kuwa Word ambayo dirisha lake limefungwa lakini yenyewe ingali inafanya kazi chini kwa chini, programu ya kukagua virusi iliyoanza ukaguzi, au dirisha la mafaili lenyewe likitengeneza picha ndogo za video zilizomo. Funga kila kitu, kisha jaribu tena. Ikigoma, andika resmon katika sehemu ya kutafutia, fungua programu itakayotokea, nenda kwenye ukurasa wa CPU, na katika kisanduku cha Associated Handles andika jina la folda. Utaonyeshwa majina ya programu zilizoishika, na hapo unajua cha kufunga badala ya kubahatisha. Hatua hii wengi hawaifahamu, nami naithamini kuliko programu zozote za kufuta kwa nguvu zinazopakuliwa mtandaoni, ambazo baadhi yake huja na virusi vyake.

Kama unaamua kuanza upya, chagua Restart badala ya kuzima na kuwasha. Kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 huwekewa mpangilio wa kuwaka haraka, ambao wakati wa kuzima huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ilivyokuwa, kwa hiyo tatizo laweza kurudi nalo.

Usome ujumbe unaotokea, hata kama umeandikwa kwa Kiingereza kigumu, kwa sababu kila ujumbe una chanzo chake. Ukiambiwa huna ruhusa, mara nyingi folda imetoka kwenye diski ya kompyuta nyingine iliyokufa, nayo bado inamtambua mtumiaji wa zamani kama mmiliki wake. Katika hali hiyo, fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika takeown /f ikifuatiwa na anwani ya folda (njia yake yote kuanzia herufi ya diski) ndani ya alama za kunukuu, kisha /r ili vilivyomo ndani navyo vifuate. Baada ya hapo tumia icacls kujipa ruhusa kamili. Nasisitiza kwamba amri hizi ni za mafaili yako mwenyewe. Ukizitumia kwenye folda ya Windows au ya Program Files, unaweza kuvuruga mfumo wote.

Kuna folda ambayo haijashikwa na yeyote na ruhusa unayo, lakini bado haifutiki. Niliiona kwa karani wa chama kimoja cha msingi huko Newala, wakati wa msimu wa korosho, ambapo malipo ya wakulima hayasubiri. Ndani ya folda iliyoitwa kwa maneno marefu ya malipo ya wakulima wa msimu mzima, kulikuwa na folda ya kila mnada, ndani yake folda ya kila kijiji, ndani yake nakala ya zamani ya folda ileile ya kwanza, na majina yote yalikuwa sentensi nzima. Kwa kawaida Windows huhesabu anwani yote ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi jina la mwisho, na kikomo chake ni herufi 260. Zikipita hapo, dirisha la mafaili hushindwa kufungua na hata kufuta. Dawa yake ni kuanza juu: folda ya kwanza ipewe jina la herufi moja, inayofuata nayo vivyo hivyo, mpaka anwani ipungue na vilivyomo vifikike. Tulifanya hivyo, na orodha za malipo zikafunguka zote. Makarani nawasihi watumie majina mafupi yenye tarehe, wala wasitumbukize nakala ya folda ndani ya folda yenyewe.

Kwa flashi zinazozunguka kati ya steshenari na maofisi, tatizo kubwa ni kirusi kinachoficha folda halisi na kuacha vijisanduku vya njia ya mkato (shortcut). Mwenye flashi huona kila kitu kimepotea, akaambiwa aformati, na hapo ndipo hupoteza kweli. Kagua flashi kwa programu ya virusi kwanza, usibofye vijisanduku hivyo, kisha katika Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha herufi E kulingana na flashi yako. Mafaili yataonekana, wakati mwingine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina. Na ikiwa umeme ulikatika wakati wa kunakili, na sasa unaambiwa folda imeharibika, nakili kwanza vyote vinavyofunguka kwenda mahali pengine, ndipo utumie chkdsk E: /f kurekebisha. Usigeuze mpangilio huo, maana diski iliyoanza kufa inaweza kuzidiwa na ukaguzi huo kabla hujaokoa kitu.

Suala la intaneti linaunganika na haya kwa karibu kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia, "Kaka, folda ya video za masomo haifutiki, na bando la mwezi limekwisha ndani ya wiki." Aliamini ni matatizo mawili. Tulipoitafuta folda hiyo kwenye resmon, aliyekuwa ameishika alikuwa OneDrive, ambayo hupandisha mtandaoni vilivyomo kwenye Desktop na Documents pale mpangilio wa kuhifadhi nakala unapowashwa. Alikuwa ameweka video zake kwenye Desktop, na programu ilikuwa ikizipandisha moja baada ya nyingine kupitia ruta yenye laini ya simu. Tulisitisha upandishaji, tukazihamishia video kwenye folda iliyo nje ya OneDrive, na nakala akaziweka kwenye diski ya nje.

Chanzo kikubwa cha bando kuyeyuka majumbani kwetu ni kwamba simu na kompyuta hudhani Wi-Fi ni ya bure. Mtu anayetumia data ya simu huona kifaa chake kikijizuia, lakini kikiunganishwa na ruta ya nyumbani kinaanza kusasisha programu zote, kupandisha picha na kupakua kila video ya makundi ya WhatsApp, ingawa ruta yenyewe inakula bando la kununua. Kiambie kifaa ukweli. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao uliounganishwa na uwashe Metered connection. Kwenye Android, ndani ya maelezo ya Wi-Fi hiyo, kuna chaguo kama hilo. Kwenye iPhone, washa Low Data Mode. WhatsApp nayo ina mpangilio wa kupakua picha na video zenyewe, na sehemu ya Wi-Fi inafaa izimwe kama ile ya data. Kisha fungua Data usage kwenye kompyuta, uone ni programu ipi imekula nini kwa siku 30 zilizopita. Kwa filamu, Netflix yenyewe hukadiria kuwa HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, kwa hiyo kushusha ubora hadi 480p kwenye kioo kidogo kunaokoa mengi bila kumnyima mtu raha.

Kuna malalamiko mengine, ya kasi, hata kwa wenye intaneti isiyo na kikomo. Kasi hutangazwa kwa megabiti na mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8, hivyo megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu. Hata hivyo, kinachokwamisha zaidi ni upande wa kupandisha, ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa kushusha. Kompyuta inayopokea ukurasa hulazimika kurudisha taarifa kwamba imepokea; mtoto mmoja akipandisha video ndefu, taarifa hizo hukwama kwenye foleni, na nyumba nzima ikaona mtandao umekufa. Ruta ikiwa na QoS, yaani mpangilio wa kugawa kasi kati ya vifaa, wekea kikomo kifaa kinachopandisha, au kazi hiyo ipangiwe usiku.

Wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama zile za Mikindani, wajue kuta hizo humeza mawimbi, na masafa ya GHz 5 huathirika kuliko ya GHz 2.4; kwa hiyo ruta iwekwe ukumbini, juu, mbali na friji. Na kabla ya kugusa chochote, muulize jirani kama naye amekwama. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima, na hakuna mpangilio wa ruta ambao ungeirudisha.

Mwisho, fungua ukurasa wa ruta yako, ambao anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au ile iliyobandikwa chini yake, uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta usivyovijua, badilisha nenosiri la Wi-Fi, badilisha na lile la kuingilia kwenye ruta yenyewe, na uzime WPS, yaani njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba fupi bila nenosiri.