Nukta ya hali tatu ya maji: kwa nini ni 0.01 na si sifuri, na hupatikanaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Mbeya. Niliweka maji kidogo chini ya kuba la kioo nikawasha pampu ya kuondoa hewa. Maji yalichemka yakiwa baridi, kisha barafu ikatanda juu yake. Niliwaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo nukta ya hali tatu, lakini kipimajoto kilisoma nyuzi −3 na kikazidi kushuka. Kosa liko wapi? Maabara kubwa huipataje kwa uhakika, na kwa nini huandikwa 0.01 badala ya sifuri?

JIBU: Mwalimu, barafu uliyoiona ilikuwa ya kweli, wala sina sababu ya kukilaumu kipimajoto chako, kilichokosekana ni utulivu. Nukta ya hali tatu ni hali ambamo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja bila kimojawapo kuongezeka kwa kumla mwenzake, na hilo hutokea katika jotoridi moja tu, yaani kelvini 273.16 au nyuzi 0.01 za Selsiasi, na katika kanieneo moja tu ya takriban paskali 611.66. Pampu yako ilipokuwa ikifanya kazi, mvuke haukupewa nafasi ya kutulia: kila ulipotoka majini ulivutwa nje, maji yakalazimika kutoa mwingine, na kila gramu ya mvuke iliondoka na joto fiche la takriban jouli 2,500, lililochotwa kwenye maji yaleyale yaliyobaki. Uliipita nukta hiyo kama basi linavyopita kituo bila kusimama.

Wengi hudhani kwamba maabara huipata nukta hii kwa kurekebisha kanieneo hadi ifike 611, kana kwamba kuna mtu ameshika vali akiangalia sindano. Hakuna anayefanya hivyo. Kinachofanyika ni kuondoa hewa yote, kufunga chombo kabisa, na kuyaacha maji yajipangie kanieneo yake yenyewe. Maadamu ndani hakuna kitu kingine ila maji katika hali zake tatu, hayana pengine pa kwenda.

Chombo chenyewe huitwa seli: mrija mnene wa kioo au wa kwatzi, wenye mrija mwembamba uliozama katikati mithili ya kisima, ambamo kipimajoto hutumbukizwa. Maji yaliyokenekwa mara kadhaa na kuondolewa hewa huingizwa ndani, nafasi kidogo huachwa juu kwa ajili ya mvuke, kisha mdomo huyeyushwa kwa moto na kuzibwa moja kwa moja. Ukitaka kujua kama hewa haikuingia, iinamishe seli polepole na usikilize. Maji yatagonga kioo kwa mlio mkali kama wa chuma, kwa kuwa hakuna hewa ya kuyapokea kama mto.

Kazi inayohitaji mkono wa uzoefu ni kutengeneza ala ya barafu. Seli hupoozwa kwanza, kisima hukaushwa, kisha humiminwa pombe kidogo pamoja na barafu kavu iliyopondwa, yaani kabonidioksidi iliyoganda. Barafu huanza kuota kwenye ukuta wa kisima na kunenepa kuelekea nje, na baada ya muda unaona ala nyeupe ya milimita kadhaa imekivaa kisima chote. Hapo juu, penye uso wa maji, lazima uangalie bila kuchoka, kwa sababu barafu ikiota daraja kutoka kisimani hadi ukuta wa nje itapanuka ikiwa imebanwa, na kioo kitapasuka. Seli hizi ni ghali, na mafundi wa maabara za ugezi, yaani za kuhakiki usahihi wa vipimio, hawaondoi macho kwenye eneo hilo hata dakika moja.

Ala ikikamilika, barafu kavu huondolewa, kisima hujazwa maji baridi, na fimbo ya kioo yenye joto la chumbani hutumbukizwa kwa muda mfupi. Utando mwembamba wa barafu iliyogusana na kisima huyeyuka, na ukiizungusha seli kidogo unaona ala yote inacheza huru. Hatua hii ina hekima ambayo mimi huiona kuwa nzuri kuliko zote: barafu inapoota huusukuma uchafu mbele yake, hivyo ile iliyoota kwanza, karibu na kisima, ndiyo safi kuliko yote, na ndiyo hiyohiyo tunayoiyeyusha ili izunguke kipimajoto. Baada ya hapo seli hukaa siku kadhaa katika barafu ili fuwele zitulie. Ikitunzwa vizuri hutumika kwa wiki nyingi, na hukosea kwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya nyuzi. Fundi hukumbuka pia uzito wa maji: kila mita ya kina hushusha jotoridi kwa nyuzi 0.00073, hesabu ndogo lakini isiyosahauliwa.

Ama kuhusu 0.01, sifuri ya zamani ilikuwa jotoridi la barafu inayoyeyuka katika maji yenye hewa, chini ya kanieneo ya kawaida ya angahewa. Ukiiondoa kanieneo hiyo, kiwango cha kuyeyuka hupanda kwa nyuzi 0.0075 hivi, ukiiondoa hewa iliyoyeyuka majini, hupanda tena kwa 0.0024 hivi. Jumla yake ni hiyo 0.01. Mwaka 1954 nukta hii ndiyo iliyochaguliwa kuifafanua kelvini, kizio cha jotoridi, na ilishika nafasi hiyo hadi tarehe 20 Mei 2019, wakati fasili ilipohamishiwa kwenye namba thabiti ya Boltzmann, inayounganisha jotoridi na nishati ya chembe. Hata hivyo, vipimajoto vya platini bado hufanyiwa ugezi kwa kuanzia hapo. Sababu wewe wa Mbeya unaijua: kwenu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, ilhali seli iliyozibwa haijali iko Mbeya au Tanga.

Kwa darasa lako, simamisha chombo ndani ya barafu iliyopondwa yenye maji, endesha pampu mpaka mvuke uwe umeisukuma hewa nje na barafu imeanza kutanda, kisha funga vali kati ya pampu na kuba ndipo uzime pampu. Kipimajoto kitapanda hadi karibu na sifuri na kusimama. Usitarajie kisome 0.01, kwani cha darasani hakina uwezo huo. Waambie wanafunzi waandike kipimo kila baada ya dakika 5, na mradi barafu na maji vyote vingalipo, namba ileile ikijirudia kwa nusu saa ndicho kitu ulichokuwa ukitafuta.