Umempokea mtoto kutoka Pemba, naye analilia kwao

Nyumba nyingi za Unguja zina mtoto aliyeletwa kutoka Pemba kuja kusoma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitoka Micheweni nikiwa mdogo, nikaja kukaa kwa shangazi yangu, Kikwajuni. Leo shangazi ni mimi, na watoto wa kaka yangu wamepita mikononi mwangu. Haya nayasema nikiwa nimekaa pande zote mbili, na nawaambia hasa wenye nyumba.

Ukali peke yake haumuumizi mtoto kama watu wanavyodhani. Nyumba ya shangazi ilikuwa na amri kweli kweli. Adhana ya magharibi ikikukuta nje, una kesi. Asubuhi unapita kwa kila mkubwa, unamshika mkono na kumwamkia. Televisheni haiwashwi mpaka juzuu isomwe. Yote hayo niliyazoea. Kilichonitesa ni kwamba kwetu hakukutajika. Nikimtaja mama, naulizwa: "Kwani hapa si kwenu? Umekosa nini?"

Kwa hiyo la kwanza ninalokuombeni, mwacheni mtoto ataje kwao. Asimulie karafuu zinavyochambuliwa usiku, makonyo (vile vijiti vyake) mbali, karafuu mbali, na nani alikuwa hodari wa kuchekesha watu pale jamvini. Akilia katikati ya maneno, alie. Hajakukataa wewe. Mtoto anaweza kukupenda na kumtaka mama yake kwa wakati mmoja. Akilazimishwa achague, atanyamaza, nanyi mtasema amezoea.

Amri ziambiwe mapema, na mtu mmoja tu, kwa utulivu. Mlango hufungwa saa fulani. Viatu huvuliwa hapa. Swichi ya taa ya chooni iko huku (mwonyesheni hasa, usiku atakuwa peke yake). Akishikwa na kiu, anywe maji bila kuomba. Mara nyingi mtoto mgeni huitwa hana adabu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Tena amri iwe moja kwa watoto wote. Watoto wenu wakicheza na yeye anaosha vyombo, hapo hamlei mtoto, mmejipatia mtumishi, na yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Saa ngumu ni magharibi. Mchana skuli na chuo cha Kurani vinamshughulisha, lakini giza likiingia moyo wote unahamia Pemba. Wakati huo mpeni kazi ndogo ya kufanya pamoja na mtu, kama kukuna nazi au kupanga sahani, ili asikae pembeni peke yake.

Na simu? Wengi husema asiongee na mama yake, ataanza kulia upya. Mimi sikubaliani nao. Aongee, tena kwa siku anazozijua, lakini iwe alasiri, akishamaliza apate kutoka kwenda kucheza. Simu ya wakati wa kulala inamwacha macho usiku kucha. Nanyi wazazi mlioko Pemba, msimwambie "nakuja kukuchukua Ijumaa" ili anyamaze tu. Ijumaa ataisubiri mlangoni. Mwambieni kweli: likizo ikifika utapanda boti na fulani, na baba atakupokea Mkoani.

Kukojoa kitandani, tumbo kuuma kila asubuhi, kula kidogo, haya hutokea sana. Tumbo mpelekeni hospitali kwanza, maana ugonjwa nao upo. Godoro livikeni plastiki chini ya shuka, mtu mzima amsaidie kufua, na habari isitoke chumbani. Wanangu walipoanza kumcheka mwenzao kwa hilo na kwa Kipemba chake, niliwakataza siku ile ile. Mtoto anayechekwa kila akisema, ataacha kusema.

Ukali nao una mpaka. Kumnyima chakula, kumpiga mpaka mwili ubaki na alama, kumzuia asizungumze faragha na wazazi wake, hayo si malezi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, akiwa kwao au kwa jamaa. Jirani unayeyaona hayo, nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, au piga 116, simu ya bure. Mtoto mwenyewe pia aijue namba hiyo.

Wapo wasiozoea kabisa. Muhula ukiisha na bado hali wala halali vizuri, zungumzeni na wazazi wake arudi, na mtu yeyote asimwambie ameshindwa. Uhamisho wa skuli ufanyeni muhula ukimalizika, asikatishwe masomo katikati. Mtoto mkubwa wa kaka yangu alizoea, yuko kwangu mpaka sasa. Mdogo wake hakuzoea. Tulimrudisha Micheweni, anasoma huko, na kila likizo anakuja kwetu kutembea kwa hiari yake.