Umeuliza, Tunajibu: Mwanamke Njiani Peke Yake

SWALI: Shikamooni. Natoka kazini saa nne usiku na natembea dakika 20 hadi nyumbani. Mwenzangu amenifundisha kubana funguo katikati ya vidole, kila mmoja utokeze kama msumari. Je, ujanja huu unafaa kweli?
Binti wa zamu ya jioni

JIBU: Marahaba. Uache leo hii. Ufunguo uliobanwa vidoleni hauna kinachoushikilia kwa nyuma. Ukigonga kitu kigumu unarudi au unapinda, na anayechanika ni wewe, kwenye ngozi laini ya katikati ya vidole. Tena unakulazimisha kupiga ngumi, na ngumi ya mtu asiyefunzwa ikigonga fuvu huvunja mkono wa mpigaji, mara nyingi ule mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo.

Tumia kiganja kilichofunguka. Kunja mkono kwa nyuma, vidole vielekee juu, upige kwa ile sehemu nene ya kiganja inayopakana na kifundo. Lenga pua au kidevu, kutoka chini kwenda juu. Nguvu inaanzia mguuni: mguu wa nyuma unasukuma ardhi, nyonga inageuka, ndipo mkono unakwenda. Piga mara mbili tatu mfululizo, halafu ondoka. Wengi hukosea hapa, wanapiga mara moja na kusimama kutazama imekuwaje. Pigo halikusudiwi kumshinda mtu. Linakupa sekunde tatu za kutoka.

Funguo ziwe mkononi kabla hujafika mlangoni. Aliyeinamia mkoba akizitafuta, mgongo ukiwa barabarani, haoni anayekuja. Ukivaa spika za masikioni, toa hata moja. Na utembee upande unaokabiliana na magari, ili pikipiki ikija uione, mkoba ukiwa upande wa mbali na barabara.

SWALI: Nikishikwa mkono na mwanamume mwenye nguvu kuliko mimi, nitajitoaje? Na akinipiga kabali kwa nyuma?
Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Tuanze na mkono. Kila mshiko una mlango wake, pale ncha ya kidole gumba inapokutana na vidole vingine. Gumba ni moja, vile ni vinne. Kosa la kawaida ni kuvuta mkono moja kwa moja nyuma, yaani kushindana na vile vinne. Geuza mkono wako mpaka upande mwembamba wa kifundo, wenye mfupa, uelekee kwenye gumba lake. Sogea kwake nusu hatua, kiwiko chako kikunjike na kukaribia mkono wake. Kisha ng'oa kwa ghafla kupitia pale penye gumba, mkono uishie begani kwako. Hiyo nusu hatua ya mbele ndiyo wanafunzi wengi huiogopa, na bila hiyo unabaki kuvutana tu. Akikushika mkono mmoja kwa mikono yake miwili, fumba ngumi ya mkono ulioshikwa, pitisha mkono wa pili katikati ya mikono yake, ishike ngumi yako na uivute kwa mwili mzima.

Kabali haitaki mashauri. Mishipa ya damu ya pande zote mbili za shingo ikibanwa sawasawa, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Kwa hiyo usianze kwa kumpiga. Anza na shingo. Nasa mkono wake kwa mikono yako yote miwili, uvute chini kuelekea kifuani kwako kwa uzito wako wote. Papo hapo zamisha kidevu, ukigeuzie kwenye kunjo la kiwiko chake, maana pale pana nafasi ya kupumulia. Tanua miguu, shuka chini, usikubali kunyanyuliwa. Ukishapata pumzi ndipo upige: kisigino juu ya mguu wake, kiwiko mbavuni, kiganja sehemu za siri. Mshiko ukilegea, jichomoe na ukimbie palipo na watu.

Haya hayashiki kwa kusoma. Fanya na mwenzako mara 20 kila upande, polepole kwanza, kisha akushike kwa nguvu kweli. Kwenye kabali msibane shingo kabisa, na mkubaliane kwamba anayegonga mara mbili anaachiwa papo hapo.

Na yeyote aliyekabwa kweli aende hospitali, hata kama ngozi haina alama. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kichwa kuuma au vidoto vyekundu machoni ni dalili za hatari. Mshipa wa shingo unaweza kuwa umechanika kwa ndani, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.

SWALI: Spreyi ya pilipili inafaa?
Msomaji

JIBU: Inafaa pale sheria inaporuhusu. Uingereza, kwa mfano, kuwa nayo ni kosa la jinai. Spreyi iliyo chini ya mkoba haikusaidii, ishike mkononi. Soma kwenye kopo umbali wake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Upepo ukikupiga usoni, dawa itakurudia wewe. Puliza kwa kupitisha jicho hadi jicho, na ukipuliza tu hama upande, kwa sababu anaweza kuendelea kuja pale ulipokuwa. Ikikuingia, pepesa macho na uoshe kwa maji mengi, usisugue.

SWALI: Nina miaka 58 na magoti yananiuma, siwezi kukimbia. Mambo haya si ya vijana tu?
Mama wa wajukuu watatu

JIBU: Shikamoo mama. Silaha yako ni umbali na sauti. Mtu usiyemfahamu asikukaribie zaidi ya urefu wa mikono miwili. Akisogea, inua viganja wazi usawa wa kifua na utoe amri fupi, sauti itoke tumboni: "Rudi nyuma!" Usimwombe radhi wala usimweleze unakokwenda. Kama kuna watu, mchague mmoja: "Wewe wa shati jekundu, piga simu polisi!" Tangu majaribio ya wanasaikolojia Darley na Latané mwaka 1968 inajulikana kwamba katika kundi kila mmoja humngojea mwenzake, anayenyooshewa kidole hana wa kumngojea. Akitaka mkoba, utupe upande mmoja nawe uende upande mwingine.

Simu nyingi za Android huita msaada ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara 5; kwenye iPhone, shikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti. Mwombe mjukuu akague mipangilio nanyi mkiwa nyumbani.

SWALI: Nilishambuliwa, nikaganda. Sikupiga hata kelele. Ndugu zangu wananiuliza kwa nini.
Asiyetaka jina

JIBU: Pole sana, dada. Mwili uliojaa hofu unaweza kufunga sauti na viungo bila kukuomba ruhusa. Hukuchagua, na kuganda si kukubali. Waonyeshe ndugu zako jibu hili. Mazoezi hupunguza uwezekano wa kuganda, ingawa hayauondoi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kanada, waliopata mafunzo ya saa 12 na kubakwa katika mwaka uliofuata walikuwa asilimia 5.2, kwa waliopewa vipeperushi tu, asilimia 9.8. Mafunzo hayo yalijikita kwa wanaume wanaofahamika, si wageni wa gizani, na chuo chochote kinachoruka sehemu hiyo kinakupunja.

SWALI: Binti akibakwa, mzazi afanye nini kwanza?
Baba wa mabinti wawili

JIBU: Hospitali, hata kabla ya polisi kama kupata vyote kwa pamoja kutachelewesha. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinywewe siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Asioge wala asibadilishe nguo kabla ya kupimwa. Kama ameshabadilisha, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Usimhoji njiani, baba. Mwambie unamwamini, ukae naye.