Usivute pangaboi la droni ndogo kwa vidole, tafuta kipande cha mshipi wa kuvulia samaki

Mota ya kwanza niliyoipoteza haikufia hewani. Ilifia mezani kwetu Kirumba, Mwanza, mikononi mwangu. Pangaboi lilikuwa limepasuka ukingoni, nikalibana kwa vidole viwili na kuvuta. Lilitoka, lakini mota nayo ilichomoka kwenye kifuko chake, na waya zake mbili nyembamba kama unywele zikakatika pale zinapoingilia. Pale hata fundi mwenye mkono mwepesi hapati pa kulehemu.

Nyingi za droni hizi za kiganjani zina mota za brashi, yaani zenye visugua vidogo ndani vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Aina ya 8520, kwa mfano, ina kipenyo cha mm 8.5 na urefu wa mm 20, na shafti yake ina unene wa mm 1 tu. Pangaboi limeshindiliwa kwenye shafti hiyo, halina gundi wala skrubu. Ukilivuta kwa upande mmoja, shafti inapinda kidogo sana, hata jicho halioni, ila droni itatetemeka kila ikipaa.

Kwa hiyo mambo ni mawili: mota ishikiliwe kwa chini, na pangaboi linyanyuke pande zote kwa pamoja. Kifaa kidogo chenye pengo kama uma, ambacho mara nyingi huja ndani ya boksi, kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Tafadhali usikitupe. Kama kimeshapotea, kata pengo jembamba kwenye kadi ngumu ya plastiki, ipenyeze chini ya kitovu, yaani sehemu ya kati ya pangaboi inayoshika shafti, na unyanyue taratibu. Uma wa jikoni uache, ni mnene na unakwangua mota.

Lakini njia ninayoipenda niliipata soko la samaki la Mwaloni, kwa mzee mmoja mshona nyavu. Nilimwamkia, nikamwonyesha droni yangu, akaigeuzageuza kisha akanikatia mshipi mwembamba wa nailoni. "Kitu kidogo hakivutwi, mwanangu, kinanyanyuliwa," akaniambia. Kata vipande viwili. Kimoja kizungushe kwenye shafti, chini ya kitovu, ncha zake zitokee kushoto; cha pili kizungushe vivyo hivyo, ncha zitokee kulia. Zipitishe ncha zote nne kati ya mabawa, zikusanye juu, kandamiza mota kwa mkono mwingine, kisha vuta wima, polepole. Litatoka bila kuinama.

Kabla ya yote hayo chomoa betri. Piga picha pia, kwa sababu mapangaboi mawili huzunguka kama saa na mawili kinyume chake, na yanayofanana hukaa pembe kwa pembe. Ukiyachanganya, droni itapinduka palepale chini.

Kwa mota zisizo na brashi, angalia kwanza kama kuna skrubu juu, maana baadhi zinazo. Kama hakuna, usivute, kwani kikombe cha mota, ile sehemu ya nje inayozunguka, kinaweza kuja pamoja na pangaboi. Penyeza alenki (ufunguo wa pembe sita) nyembamba kutoka chini, kwenye uwazi wa fremu kando ya mota, usukume kitovu huku na huku kidogo kidogo.

Mimi mapangaboi nayatoa mara kwa mara kwa sababu dada yangu husukia wateja sebuleni, na nyuzi za rasta hujiviringisha kwenye shafti hadi mota inapata moto. Pangaboi likishatoka, zikate kwa ncha ya wembe na uzitoe kwa kibanio.

Pangaboi lililotolewa mara nyingi tundu lake hulegea. Badilisha. Gundi kali usiiguse kabisa, inateremka kwenye shafti na kuigandisha mota. Unaporudisha, sukuma wima kwa kidole gumba huku mota imeegemezwa kwa chini, na uache mwanya wa unene wa kadi kati ya kitovu na mota. Pangaboi halitasugua, na siku ya kulitoa tena mshipi utapata pa kupita.