Anayeponda Vifaa Vyako Muulize: Sekunde ya Ngapi?

Kijana wa Manzese anatupia biti yake kwenye grupu la maprodyuza. Jibu la kwanza haligusi biti: "Unatumia spika gani, dogo?" La pili: "FL ni ya kuchezea, hamia Ableton" (zote ni programu za kutengenezea muziki). La tatu ni picha ya studio ya Ulaya yenye mitambo iliyojaza ukuta mzima, na chini yake maneno mawili: "Kwanza jipange." Mpaka jioni watu wamebishana kuhusu saundi kadi, kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, wengine wameanza kutukanana, na hakuna aliyemwambia kwamba kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagongana na besi kuanzia pale sauti ya mwimbaji inapoingia. Kijana anaifuta biti na kuamini kwamba kinachomkwamisha ni pesa.

Kilichomkwamisha ni kiki. Hilo ndilo linalotuuma kuhusu ujuaji wa vifaa: unamnyima mtu taarifa aliyokuja kuitafuta, halafu unampeleka Kariakoo kununua kitu asichokihitaji.

Kwa hiyo anza na kanuni moja. Maoni yasiyotaja sauti fulani, na mahali inapotokea kwenye treki, hayahusu muziki wako. Jibu kwa heshima: "Asante kaka, ni sekunde ya ngapi inayokuumiza sikio?" Mwenye ujuzi atasikiliza upya na kurudi na jibu la maana, hata kama aliingia kwa ukali. Ambaye hakusikiliza atakaa kimya au atarudia jina la kifaa, na hapo huna deni naye tena. Usianze kujitetea kwa kutaja vifaa ulivyo navyo. Ukishafanya hivyo umekubali kwamba mjadala ni wa vifaa.

Wanaosema kitu cha bei ndogo hakitoi muziki wa maana wanapingana na historia ya muziki wenyewe. Roland ya Japani ilitoa mashine ya besi ya TB-303 mwaka 1981, ikilenga wapiga gitaa waliotaka besi ya kufanyia mazoezi. Haikuuzika, ikaachwa kutengenezwa 1984, zikawa zinauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wakazinunua kwa sababu ndizo walizoweza kuzimudu, wakazungusha vitufe vyake hadi ikalia kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia, na hapo ukatoka muziki wa dansi uitwao esidi hausi. TR-808 nayo, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, ilidharauliwa kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi. Leo mashine zote mbili zinasakwa kwa bei kubwa, na wapo wanaombeza mtu kwa kutumia sampo zake, yaani sauti zake zilizorekodiwa, badala ya mashine yenyewe.

Na hatuhitaji kwenda Chicago. Singeli, muziki wetu wa kasi, ilikulia uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, kwa vipande vya taarab vilivyozungushwa na kuongezwa kasi. Studio ya Sisso pale Mburahati ilifanya kazi kwa kompyuta za kawaida kabisa, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi zake. Baada ya hapo maprodyuza wa singeli wakaanza kuitwa kupiga Ulaya.

Singeli pia inaonyesha vizuri matatizo ya kweli yanayofichwa na kelele za vifaa. Hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240: pigo moja lina milisekunde 250, na robo ya pigo, ile inayokimbizwa na hai-hati (sahani ndogo za drams), ina milisekunde 62.5 tu. Sasa weka kiki yenye mkia wa nusu sekunde, kama nyingi zilizomo kwenye vifurushi vya trap. Itakuwa bado inanguruma hadi pigo la tatu linapofika, na miksi nzima itakuwa na tope. Hakuna spika ya bei yoyote itakayoliondoa tope hilo. Dawa ni kufupisha mkia wa kiki hadi milisekunde 120 au 150, na kuiweka ijikate yenyewe kila inapopigwa upya. Rivabu, yaani mwangwi unaoongezwa kwenye sauti, ni hivyohivyo: mkia wa sekunde mbili kwa kasi hiyo unafunika mapigo manane. Ushushe hadi milisekunde 300 au 400, kisha uchuje kila kilicho chini ya 300 Hz kwenye rivabu hiyo, isiguse besi.

Lawama nyingine inayorushiwa laptopu bure ni kinanda kuchelewa kujibu. Kabla hujaambiwa ununue mashine mpya, angalia bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa. Ukirekodi kwa 44,100 Hz, yaani vipimo (sampo) 44,100 vya sauti kwa sekunde, bafa ya sampo 1024 inaongeza milisekunde 23, na kwenye singeli hiyo ni zaidi ya theluthi ya robo ya pigo, lazima vidole vihisi. Ishushe hadi 256, utabaki na milisekunde 5.8. Ikianza kukwaruza, panda hadi 512, yaani 11.6. Ukimaliza kupiga, rudisha 1024 wakati wa kumiksi ili prosesa ipumue. Usipokuwa na saundi kadi, tumia draiva ya ASIO4ALL au FL ASIO, kwani draiva ya kawaida ya Windows ndiyo mara nyingi inayochelewesha.

Tuje kwenye plagini, zile programu ndogo za kuchakata sauti ndani ya programu yako, ambako ubishi hauishi. Mtu akikuambia ekwalaiza (ya kupandisha na kukata besi, kati na juu) ya kulipia "ina uhai" kuliko iliyokuja na programu yako, usibishane naye, pima. Weka kopi mbili za treki moja. Kwenye ya kwanza tumia ekwalaiza moja, kwenye ya pili nyingine, kwa mikato ileile. Geuza fezi ya kopi moja, yaani wimbi lake lipinduke juu chini, kisha cheza zote mbili pamoja. Zikifutana hadi kimya, ni kitu kilekile chenye sura tofauti. Zikibaki na mlio, kwanza hakikisha vipimo vimelingana kweli, maana namba ya upana wa mkato haimaanishi kitu kimoja kwa kila mtengenezaji. Kipimo hiki hakikufai kwa kompresa, ile inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo: mbili zitatofautiana tu, na tofauti hiyo haikuambii ipi bora.

Kwa kompresa, spika au saundi kadi, pima ukiwa hujui ipi inacheza. Linganisha ukubwa wa sauti kwa mita, si kwa sikio. Youlean ina mita ya bure inayotosha. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoharibu kila kitu, kwa sababu sikio huipenda sauti kubwa kidogo hata ikiwa imezidi desibeli moja tu. Mwombe mwenzako abadilishe bila kukuambia, mara kumi. Ukipatia 9 au 10, tofauti unaisikia kweli. Ukipatia 6, unabahatisha, na hela yako bado ina kazi nyingine.

Namba kubwa za kurekodia nazo zinatumika sana kuwatisha wanaoanza. 44,100 Hz inabeba sauti hadi 22,050 Hz, na sikio la binadamu huishia karibu 20,000, tena hupungua umri unaposogea. Inatosha. Kinachostahili kubadilishwa ni kina cha biti (bit depth): rekodi kwa biti 24, kilele kikiwa karibu desibeli -12, ili msanii akipayuka ghafla isipasuke.

Ukitaka maoni yenye faida, namna ya kutuma ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Usirekodi spika kwa simu ukatuma kama voisi, wala usiweke kama video ya status; zote hubana sauti, halafu unahukumiwa kwa uchafu usio wako. Toa MP3 ya 320 kbps, ambayo ni kama MB 2.4 kwa dakika, uitume kama dokumenti. WAV ya biti 16 ni kama MB 10 kwa dakika, na watu wengi hawatatumia bando lao kuisikiliza. Uliza swali moja: "Je, kuanzia 0:45 sauti inamezwa na sinthi?" Swali la "mnaionaje?" linakaribisha kila aina ya jibu. Na mtu akisema besi haipo, muulize amesikilizia nini. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya takriban 200 Hz. Hata hivyo maoni yake usiyatupe, kwa sababu mashabiki wako wengi wanasikiliza hivyohivyo. Ongeza ukwaruzo kidogo kwenye besi ili milio yake ya juu isikike simuni, kisha kaisikilize pia kwenye spika za bajaji kabla hujaridhika.

Ninyi mlio wazoefu, maneno yenu yana uzito mkubwa kuliko mnavyojua. Mdogo akileta kazi, sikiliza mara mbili kabla ya kuandika. Taja kitu kimoja, kile kinachoumiza zaidi, mwambie kiko wapi na anaweza kukifanyia nini usiku huu kwa vifaa alivyo navyo: "0:52, kiki na besi zote ziko 60 Hz. Kata besi hapo desibeli nne, au sogeza noti juu." Ukiona kifaa ndicho tatizo kweli, kama maiki inayovuma 50 Hz, ule mvumo wa umeme, sema dalili kwanza, kisha pendekeza kubadilisha waya na soketi kabla ya kutaja ununuzi. Maadmini, futeni picha za studio zinazotumwa kama jibu kwa kazi ya mtu. Zinaua grupu kuliko matusi, kwa sababu hakuna anayeziona kama kosa.

Ukiwa na hela kidogo, ianze na chumba. Trei za mayai ukutani hazifanyi kazi mnayodhani. Karatasi nyembamba hugusa sauti za juu kabisa tu, besi na sauti ya kati zinapita, na chumba kinabaki kama pipa huku kimekosa mng'aro. Tumia godoro la sponji la inchi nne: moja nyuma ya mwimbaji, moja pembeni, na ukiliacha na nafasi kidogo kutoka ukutani linashika chini zaidi. Hata hivyo, sponji ni ya kunyonya mwangwi tu. Haizuii kelele za bodaboda kuingia.

Kwa ajili hiyo, usikubali kushinikizwa kununua maiki ya kondensa kwa kuwa ndiyo "ya studio". Kwenye nyumba ya Sinza au Mwananyamala itasikia feni, jirani na adhana. Maiki ya dainamiki, ikiwa sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, itakupa sauti safi zaidi. Ukienda Kariakoo kutafuta jina kubwa, pima uzito kwanza: Shure SM58 halisi ina gramu 298, na feki nyingi huwa nyepesi mkononi. Maiki ya jina dogo lakini halisi ni bora kuliko jina kubwa la kughushi.

Baada ya chumba ni hedfoni za kuziba, kisha UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ambayo wajuaji hawaitaji kabisa. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla umeme unapokatika, mradi uliokuwa wazi unaweza kuharibika, na hadi diski yenyewe. UPS ndogo inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Washa hifadhi ya kila dakika tano kwenye programu, na kila ukimaliza siku nakili folda nzima, pamoja na sampo zake, kwenye diski nyingine isiyokaa imechomekwa.