Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza namba za vocha, tiketi na kadi, someni hapa kwanza

Hii ni kwa nyie mnaoingia kwenye hizi kazi za mjini, vocha za waifai za mtaani, kadi za harusi zenye QR, tiketi za shoo, kuponi za maduka ya Kariakoo. Wote mnapewa kazi ile ile, toa namba 500 ambazo hazifuatani na mtu asizibahatishe, na wengi wenu mnafungua Excel au tovuti yoyote ya kuzalisha namba, mnabonyeza, mnakopi, mnampelekea fundi wa kuprinti, mmemaliza. Kuzalisha ndio sehemu rahisi kuliko zote bana. Kabla ya hapo jiulize nani ataisoma hiyo namba, ataisomea wapi, na nani ananufaika akiipatia kwa kubahatisha. Na nikisema namba nahesabu na zile zenye herufi ndani.

Tuanze na kwanini zisifuatane. Ukiona gari namba E unajua imesajiliwa juzi juzi kuliko namba C, kwa sababu zinatolewa kwa mfuatano, na kwa magari hakuna shida. Kwa vocha ni balaa. Mtu ananunua KH0451, usiku anakaa kitandani anajaribu KH0452, KH0453, anakula intaneti bure mpaka asubuhi. Na mshindani wako akinunua moja saa mbili asubuhi na nyingine saa mbili usiku ameshajua umeuza ngapi siku nzima, hajamuuliza mtu.

Ila sio kila namba ndefu imezalishwa kwa bahati nasibu, hapa wengi mnachanganya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Tokeni ya luku nayo ni tarakimu 20, inaonekana imevurugwa tu, kumbe ndani imebeba kiasi cha uniti na muda ilipotolewa, halafu imefungwa kwa ufunguo wa mita yako, ndio maana ya jirani haiingii kwako. Ule usumbufu wa 2024 wa kuingiza tokeni za ziada kabla umeme haujakubali ulitoka hapo hapo, mita za mfumo huu zinahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima sio Bongo tu. Mteja akija akasema anataka "namba kama za luku" mweleweshe, mita haina mtandao wa kuuliza popote kwa hiyo namba lazima ibebe habari yenyewe, wewe una databesi, yaani orodha ya rekodi kwenye kompyuta, namba yako isibebe jina wala bei wala tarehe, iwe ya kutafutia rekodi basi.

Urefu sasa. Watu wanabishana tarakimu nne zinatosha au sita, hesabu ni nyepesi, chukua namba zilizo hai gawanya kwa namba zote zinazowezekana. Una ruta ya MikroTik pale Sinza, vocha 200 ziko hai, umetumia tarakimu nne. Zinazowezekana ni 10,000, maana yake kila majaribio 50 kwa wastani moja inaingia, na dogo wa hosteli mwenye muda hiyo ni kazi ya nusu saa. Benki wanatumia tarakimu sita za OTP, ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa SMS, na wako salama kwa sababu namba inakufa haraka na ukikosea mara chache unafungiwa, ukiruhusiwa mara tano kwenye milioni moja ni nafasi moja kati ya laki 2. Vocha yako inakaa hai wiki nzima na ruta labda haifungii mtu, huwezi kujilinganisha nao. Aidha uongeze urefu au uweke kikomo cha majaribio, mimi nasema fanya vyote.

Kuongeza herufi kunasaidia kuliko kuongeza tarakimu, lakini herufi ndio zinaleta simu za usiku. Mteja anapiga vocha imekataa, unamwambia nisomee, anasoma "tisa, i, saba, e, pi". Hiyo i ni I ya Kiswahili au E ya Kizungu? Na hiyo e ni E kweli au ni A kaitamka haraka? Hapo hujafika kwenye pi na bi na di kwenye simu inayokatakata, wala kwa yule ambaye R na L kwake ni ndugu. Dawa ninayotumia ni kutupa irabu zote tano. Faida ya pili inakuja bure, maneno yetu yanaishia na irabu, kwa hiyo ukizitoa ni vigumu sana mashine ikutolee tusi kwenye kadi ya sendofu ya binti wa mchungaji, na hilo likitokea usiniambie ni bahati mbaya, shangazi yake hataelewa. Hata yule mtu wa programu Mmarekani Douglas Crockford kwenye mpangilio wake wa alama 32 aliondoa I, L na O kwa kufanana na 1 na 0, na U akaitoa ili yasitokee matusi.

Baada ya irabu natoa 0 na 1, halafu L, S, Z na B, maana S na 5, Z na 2, B na 8 zikiprintiwa kwenye karatasi ya risiti ni kitu kimoja. Zinabaki alama 25, herufi 17 na tarakimu 8. Ukiweka nafasi sita unapata namba 244,140,625, zile vocha 200 zikiwa hai mtu anahitaji kwa wastani majaribio zaidi ya milioni moja kupata moja. Ziandike tatu tatu, mfano 7KM-4RX, macho yanashika vizuri, ila mfumo wako ukubali mtu akiandika bila kistari, akiweka nafasi katikati, akiandika herufi ndogo, usimkatalie mteja aliyelipa kwa sababu ya kistari jamani. Na kwenye SMS usiweke nukta mwisho wa namba, wataikopi na nukta yake.

Kurudia. Watu hawaamini mpaka wakutane nalo. Kadi 300, kila moja umepewa tarakimu nne za bahati nasibu bila kukagua, uwezekano wa angalau mbili kufanana ni kama asilimia 99, ingawa zipo 10,000 za kuchagua. Ni hesabu ile ile ya watu 23 chumbani kuwa na nusu kwa nusu ya wawili kushea tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo usitegemee bahati, weka safu ya databesi isikubali kurudia, ikigoma zalisha nyingine.

Excel ina mitego yake. Fomula yake ya bahati nasibu, RANDBETWEEN, inabadilisha namba kila ukigusa shiti, ukisha zalisha kopi upesti kama thamani tu, la sivyo faili uliyompa fundi na uliyobaki nayo ni vitu viwili tofauti. Sifuri za mwanzo inazimeza. Namba kama 12E45 inaigeuza kuwa hesabu ya vipeo, na ukipesti namba ya tarakimu 20 zile tano za mwisho zinakuwa sifuri kwa sababu inashika 15 tu. Panga safu iwe maandishi kabla hujapesti chochote. Wanasayansi wa jeni mwaka 2020 walibadilisha majina kama MARCH1 kwa sababu hiyo hiyo ya Excel kuyafanya tarehe, sembuse wewe.

Ukiandika programu mwenyewe, kwa kitu chenye hela usitumie `random` ya lugha ya Python, mtu akikusanya namba 624 mfululizo kutoka ndani yake anaweza kutabiri zinazofuata, badala yake ipo `secrets` tangu toleo la 3.6, na lugha ya PHP wana `random_int`. Hapo hapana mjadala mrefu.

Sasa mlangoni, na hapa ndio kazi yenyewe. Hata namba iwe ngumu vipi haizuii kunakiliwa, mgeni anapiga skrinishoti anamtumia shemeji yake WhatsApp na wote wanakuja na QR ile ile. Kinachozuia ni rekodi ya nani ameshaingia. Kadi ya double isiwe na alama ya ndiyo au hapana, iwe na idadi, maana mume anatangulia na mke anakuja saa tatu akitokea saluni, ukiifunga kadi mume alipoingia umeanzisha ugomvi na kamati nzima. Ukumbi ukiwa na milango miwili na simu mbili hazina mtandao, kila moja itaruhusu kadi ile ile mara moja, hazijuani. Aidha simu zote ziwe kwenye hotspoti moja zinasoma orodha moja, au gawa kadi kabisa, hizi mlango wa mbele hizi wa nyuma. Chini ya QR iprinti namba yenyewe kwa maandishi makubwa, taa za ukumbi hafifu, kioo cha simu kimepasuka, utaiandika kwa mkono. Na ndani ya QR tumia herufi kubwa tupu, inabana zaidi kuliko ukichanganya na ndogo, vile vidoti vinakuwa vikubwa na kamera mbovu inasoma.

Promosheni za zawadi naziogopa, wadogo zangu. Ufilipino mwaka 1992 Pepsi walitangaza namba 349 imeshinda peso milioni moja, kumbe ilikuwa imeprintiwa kwenye vizibo karibu laki 8, mji ukawaka moto. Kampuni ikasema vizibo hivyo havikuwa na msimbo sahihi wa usalama, nani asikilize wakati kizibo kiko mkononi. Ukipewa kazi hiyo, orodha ya washindi itoke kwenye databesi ile ile iliyozalisha namba, sio mtu kuiandika pembeni.

La mwisho ni fundi wa kuprinti, ambaye faili lote analo, na mwanafunzi wake, na flashi yake. Namba zote zitoke kwako zikiwa zimelala, yaani mfumo bado hauzikubali. Vocha inaamshwa siku bunda lake linakabidhiwa kibandani, kadi inaamshwa kamati ikishaandika jina la mgeni. Zalisha na 30 za akiba zisizoprintiwa kwa ajili ya wazee wanaofika ukumbini bila kadi, zikae kwa mtu mmoja tu wa kamati, na kila anayopewa mtu iandikwe jina hapo hapo.