Muulize Bi Fidla: Muziki wa Alien na pale uliponyamaza

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi na mume wangu tumeitazama Alien, ile filamu ya 1979 ya chombo cha angani kinachoingiliwa na kiumbe kinachowamaliza watu mmoja mmoja. Usiku ule nililala taa ikiwaka. Lakini kulipokucha nikajaribu kuukumbuka muziki wake, sikupata hata kipande. Mume wangu anasema muziki usiokumbukika ni kelele tu. Wewe uliyezeeka na fidla begani unasemaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mume wako anatafuta kiitikio, na humo hamna kiitikio. Mwombe airudie filamu dakika tatu za mwanzo tu, taa zimezimwa na spika za masikioni zimevaliwa. Ataona giza, sayari inapita, na jina la filamu linajichora juu ya kioo kijiti kwa kijiti, taratibu mno. Chini ya picha hiyo fidla zinavuta sauti nyembamba isiyotulia, na filimbi inatoa noti mbili tu, zikapitishwa kwenye mashine ya mwangwi hadi zikawa zinajijibu zenyewe na kufifia. Noti hizo mbili ataendelea kuzikuta humo ndani. Hukuzikumbuka kwa sababu hukupewa nafasi ya kuziimba, lakini mwili wako ulizisikia, ndiyo maana hukuzima taa.

Mtunzi ni Jerry Goldsmith, Mmarekani, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameshinda Oscar kwa muziki wa The Omen. Kazi ilirekodiwa Uingereza na National Philharmonic Orchestra, Lionel Newman akiongoza. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwanzo ule sio alioutaka Goldsmith. Yeye alitunga ufunguzi mpana wenye tarumbeta ya upweke, muziki wa mtu anayeshangaa ukubwa wa anga, akitaka woga uje baadaye kidogo kidogo. Mwongozaji, Ridley Scott, akaukataa. Goldsmith akaandika mwingine, huu wa kuogofya tunaousikia, na alisimulia baadaye kwamba ule wa kwanza ulimchukua siku nzima na huu wa pili kama dakika tano. Kila mtu akaupenda isipokuwa yeye.

Hayakuishia hapo. Mhariri wa filamu, Terry Rawlings, alipokuwa akiunganisha picha alizitilia muziki wa kushikilia nafasi, akauchukua kwenye kazi ya zamani ya Goldsmith huyo huyo, filamu ya Freud ya 1962. Watengenezaji wakauzoea kiasi cha kushindwa kuachana nao, wakaununua, ukabaki. Mahali ambapo damu ya kiumbe, kali kama tindikali, inatoboa sakafu baada ya sakafu, na pale Nahodha Dallas anapotambaa peke yake kwenye mifereji ya hewa na kurunzi mkononi, unaousikia ni ule wa miaka 17 nyuma, na aliotunga Goldsmith kwa ajili ya sehemu hizo uliwekwa kando. Mwishoni, majina yanapopanda, wakaweka simfoni ya pili ya Howard Hanson, mtunzi mwingine wa Kimarekani, ya 1930. Goldsmith aliumia, na haki yake.

Mimi nimepiga muziki wa watu wengine maisha yangu yote, na najua uchungu wa bashrafu yako, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia taarabu, kukatwa katikati kwa kuwa bwana harusi kafika. Hata hivyo, kwa ule mwanzo namuunga mkono Scott. Tarumbeta ile ni nzuri, lakini inatuambia tuko salama, na ndani ya chombo kile hakuna aliye salama hata kabla hawajaamka. Kwa mwisho sikubaliani naye kabisa. Ripley, yule mwanamke pekee aliyebaki hai, ameokoka, amelala, tumechoka pamoja naye. Wimbo wa Goldsmith wa kule kwenye anga kubwa ulistahili kurudi hapo ukamilike, kwa mkono ule ule uliotutembeza njia nzima. Simfoni ya Hanson ni tamu, ila ni mgeni anayeingia wageni wote wameshaaga.

Sasa mwambie mume wako asikilize na pale ambapo muziki haupo. Ile karamu, unaikumbuka? Kane, yule mwenzao aliyeng'ang'aniwa usoni na kiumbe, amezinduka, watu saba mezani wanakula na kutaniana, vijiko vinagonga sahani. Anakohoa. Mwenzake anacheka akidhani chakula ndicho kibaya. Kikohozi kinageuka mtukutiko, wanamlaza juu ya meza, mmoja anahangaika kumtilia kijiko mdomoni asijing'ate, na muda wote huo hakuna hata uzi mmoja wa fidla. Ingepigwa ngoma moja tu ya kutuonya, tungeshika viti. Wametuacha na sauti za jikoni hadi shati linapolowa damu. Kwa mpiga muziki, kukubali kunyamaza mahali pazito kama pale ni kazi ngumu kuliko kupiga.

Na kuna mawili madogo ninayoyapenda. Dallas akitaka kupumua, anajifungia peke yake kwenye chombo kidogo na kumsikiliza Mozart. Baadaye, katika chombo hicho hicho, Ripley anamkabili kiumbe huku anajiimbia kwa pumzi tu, sauti inamkatika. Muziki wa kibinadamu kwenye safari ile yote unakaribia kuishia hapo.

SWALI: Bi, hapa Dar kijana mmoja anabisha kwamba aliyevaa lile vazi la kiumbe ni Mwafrika. Anatudanganya? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hadanganyi. Anaitwa Bolaji Badejo, Mnigeria, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro London. Wakala wa filamu alimwona baa, kijana wa zaidi ya mita mbili, mwembamba, miguu mirefu, akajua kapata alichokuwa anakitafuta. Alifundishwa tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, na uigizaji wa kimya ili mwendo wake usifanane na wetu. Vazi, kwa mchoro wa Mswisi H. R. Giger, lilikuwa na mkia uliomzuia kukaa kitini, wakamtengenezea bembea ya kupumzikia. Sehemu za hatari walisaidia wengine. Hakuigiza filamu nyingine, na alifariki 1992 kwa selimundu, bado hajafika miaka 40. Watu wanalitaja jina la Giger na la Scott kila siku. Tulitaje na la Badejo, kwa maana ule utulivu kabla kiumbe hakijakurupuka ni wa mwili wake.

SWALI: Bi, mwanangu ana miaka 11, anapiga kinanda vizuri, na amesikia habari za filamu hii kwa binamu zake. Nimruhusu? (Mzazi, Mombasa)

JIBU: Filamu, hapana. Muziki, mwekee leo hii. Albamu ya 1979 inao ule ufunguzi wa tarumbeta uliokataliwa, na mwaka 2007 ilitoka seti ya diski mbili yenye yote, yaliyotumika na yaliyotupwa. Mpe mwanzo wa kwanza, kisha wa pili, mwache akwambie mwenyewe angechagua upi na kwa nini, usimtangulie. Halafu mpe vipande vya sayari ile ya upepo wanakomkuta kiumbe. Goldsmith aliongeza humo ala zisizozoeleka kwenye okestra: didgeridoo ya wenyeji wa Australia, kombe la baharini linalopulizwa kama baragumu, na serpent, baragumu kubwa la Ulaya ya zamani lililopindapinda kama nyoka, la mbao zilizovikwa ngozi. Akishindwa kutambua kipi ni kipi, msimsaidie haraka. Filamu yenyewe ingoje hadi miaka 16 au 17, na hata hapo kaa naye.